Mtoto Asije Kujifunza Shanga

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kabla sijaanza kukugombeza, maana nakujua, ukikosa shikamoo yako mwanzoni hutasikia lolote litakalofuata. Miguu inasemaje? Na kile kifua kinachokuamsha alfajiri? Macho sikuulizi. Macho yako yalibaki kwenye moto, tangu enzi zile tunafanya kazi bila miwani tukijiona wajanja. Mimi nipo. Naamka, nakula, nalala, na magoti yananiambia kama mvua inakuja kabla redio haijasema.

Na wewe mkwe wetu unayemsomea, salamu zako nimezipata. Soma kila neno kama nilivyoliandika. Ukifika mahali unaona nimekusema vibaya usiruke, na ukifika mahali pagumu usiongeze sukari. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne lakini unasomeka. Ukikushinda, safisha miwani.

Dada, barua yako imefika. Umesema mjukuu wetu wa hapo kwako amemaliza shule, amezunguka na vyeti vyake mpaka bahasha imechakaa, na sasa anashinda kitandani na simu. Unataka nimchukue nimfundishe shanga, ale jasho lake kama tulivyokula sisi. Umesema ana vidole vizuri, na kwamba mtu wa damu yetu hawezi kushindwa na moto. Nimeisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma tena. Jibu ni hapana. Nimeanza na jibu ili usikae unasubiri mwisho wa barua huku watu wa hapo nyumbani wanakunja nguo za mtoto kwenye begi. Asije.

Najua umeshanuna. Mdomo umeuvuta kama mtoto aliyenyimwa uji. Nuna, lakini sikiliza.

Kwanza hiyo kazi yenyewe unayoikumbuka wewe haipo. Siku hizi shanga zinakuja zimefungwa kwenye mifuko, za plastiki, nyepesi kama maganda ya karanga, rangi zote za duniani. Yule mama wa duka la vitambaa, aliyekuwa akinipigia simu nimfanyie haraka, sasa ananisalimia kwa mbali kama mtu ninayemdai. Juzi nilimpelekea mkufu wa bluu, ile bluu yetu ya chupa za dawa. Akaushika, akaupima mkononi, akaniambia ni mzito, wateja wake wanalalamika shingo. Nikamwambia wateja wake wana shingo za vifaranga. Hakununua.

Pili, meza imelala. Ule mdomo wa moto, ile tochi ya chuma uliyoifunga mwenyewe kwenye ukingo wa meza kwa boliti, haujawashwa tangu kabla ya mvua. Vijiti vya kioo vimejaa vumbi. Nyaya za kuzungushia shanga zimeshika kutu. Mjukuu wangu, yule Chiriku, mwanga wangu wa uzeeni niliyemfundisha mwenyewe, amekataa kukaa mezani. Ameajiriwa kiwandani kule nyuma ya soko la mitumba, anapakia, unajua anapakia nini? Hizo hizo za plastiki. Anarudi jioni na chenga zake kwenye nywele.

Watu wote mtaani wanajua kwamba tuligombana. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Niliwaambia Chiriku ni mwoga, kwamba ameona moto kwa miaka yote hiyo halafu ghafla ameukimbia kama paka aliyemwagiwa maji. Niliwaambia vijana wa leo wanataka kazi ya kukaa na feni. Fundi cherehani wa jirani alinisikiliza, akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia sijamaliza. Akaendelea kushona.

Sasa wewe dada sitakuambia hivyo. Wewe umeuwasha ule mdomo kabla yangu, na uongo wa kazi hii haukupiti. Nitakueleza kwa mpangilio, na uone mwenyewe mahali palipokatika.

Chiriku nilimfundisha kuwasha kabla sijamruhusu kugusa kijiti hata kimoja. Alilia. Aliniambia wenzake wanajifunza kompyuta kwa muda huo huo. Nikamwambia kompyuta haichomi nyusi. Kila asubuhi nilimtoa mlangoni kama akija na nguo ya nailoni, akavae pamba. Nywele afunge nyuma, kitambaa juu. Dirisha lifunguliwe, mlango uachwe wazi, na mitungi yote miwili, wa gesi na wa oksijeni, ikae wima nje ya ukuta na mnyororo kiunoni. Pale mdomo unapoelekea kusiwe na pazia, wala karatasi, wala kalenda ya kanisani au ya msikitini. Koki zote mbili za tochi zifungwe, ndipo mtungi ufunguliwe taratibu, na povu la sabuni lipakwe kwenye kila kiungo cha mpira. Povu likitulia, vizuri. Likianza kutoa vitone kama mate ya mtoto, funga, kaza, anza upya.

Unakumbuka mama alivyokuwa akisema, kwamba gesi hii si moshi. Moshi unapanda, hii inashuka, inalala sakafuni kama maji, inakusubiri miguuni. Ndiyo maana nyumbani kwetu mmoja ananusa na mwingine anawasha. Anayewasha mikono yake ina sabuni na udongo wa kupaka nyaya ili shanga zisigande, pua yake imeshajaa. Basi mwingine anapiga magoti chini ya meza, anaweka pua karibu na simenti, anavuta pumzi, na kama hapana kitu anasema, Pasafi. Mwenye chuma cha cheche anajibu, Nawasha. Bila neno la kwanza, la pili halisemwi. Mafundi wengine walikuwa wanatucheka, wanasema tunaabudu sakafu. Wacheke. Sisi tuna nyusi.

Halafu Chiriku anafungua gesi kidogo tu, robo ya robo, anakwangua cheche kwa ubavuni, uso umekaa pembeni, hainamii. Unapata moto wa njano, mlegevu. Ndipo unaleta oksijeni polepole mpaka moto unajikaza, unakuwa bluu, unaanza kuvuma. Kuzima ni kinyume, oksijeni ianze kuondoka, gesi iwe ya mwisho. Nilimrudisha nyuma mara nyingi mpaka akawa anafanya hata akiwa anapiga porojo. Na porojo yake unaijua, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Lakini mikono ilikuwa haibabaiki. Nikajisemea, basi, mimi nikifa meza ina mtu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Chiriku alifuta meza, akafungua mtungi, akapaka povu, likatulia. Mimi nilikuwa mlangoni nabishana na yule wa duka la vitambaa kwenye simu, na ubishi ukanoga, nikachukua muda. Nilipokata simu nikaingia, nikapiga magoti, nikanusa kama ninavyonusa siku zote. Nikasema, Pasafi. Chiriku akajibu, Nawasha. Chuma cha cheche tayari kiko mkononi.

Fundi cherehani ndiye aliyepita mlangoni na suruali ya mtu begani. Akasimama, akaziba pua, akauliza tumeficha kabichi bovu la mwaka gani humo ndani.

Mimi nikamgombeza. Nikamwambia huo ni mtaro wake, asafishe kwanza mlangoni kwake ndipo aje kunusa kwa watu. Chiriku hakusema kitu. Chiriku, dada, hakusema kitu. Akaweka chuma chini polepole, kama unavyoweka yai. Akapiga magoti palepale nilipopiga mimi. Akainuka, akatoka nje, nikasikia anafunga mtungi. Akarudi akanishika mkono akanitoa, akamtoa na fundi na suruali yake, tukakaa kwenye ngazi mpaka jua likafika miguuni. Kitambaa chake cha kufutia meza kilikuwa kimeisukuma koki ya gesi pale kwenye tochi, ikafunguka kidogo. Povu lisingeonyesha, maana pale si kiungo cha mpira. Muda wote nilipokuwa nabishana kwenye simu gesi ilikuwa inashuka sakafuni. Nilipoweka pua yangu chini, niliiweka ndani yake.

Sikusikia kitu.

Chumba kilipopoa na hewa ilipopita, Chiriku alinikalisha kwenye kigoda akaniambia nifumbe macho. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea. Akaniomba kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Akaniletea kitu puani, nikasema kitunguu. Nilijivuna kidogo. Akaniambia, bibi, hayo ni machozi, si pua. Akaleta kingine, nikasema hamna. Akaleta kingine, nikasema hamna, aache mchezo. Nilipofumbua, mkononi alikuwa na kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa.

Ni ile homa ya mwaka jana, dada. Iliondoka na pua yangu na mimi sikujua. Tangu hapo nilikuwa namgombeza mtoto kwamba chakula chake kina ladha ya daftari, kwamba ananunua viungo vya bei rahisi, na yeye anaongeza, anaongeza, mpaka wageni wanakohoa. Muda wote huo nilikuwa napiga magoti kila asubuhi na kusema Pasafi. Kila asubuhi. Na mtoto ananijibu, na cheche inaruka. Ukitaka kujua kwa nini silali, ndiyo hiyo, wala si magoti.

Daktari aliangalia ndani kwa taa yake, akasema pua nyingine hurudi, nyingine hazirudi, na kwa umri wangu nisikae mlangoni nikiisubiri. Nilimwambia na yeye kwa umri wake ajifunze kusema na wakubwa. Lakini nilimwelewa.

Najua utakalosema. Utasema Chiriku anuse, mimi niwashe. Mimi nililisema siku ileile, kabla hata hajamaliza kulia. Tukajaribu. Tukafunga kila kitu, tukafungua upya, povu likatulia, mimi nikashika chuma cha cheche. Akapiga magoti chini ya meza, akakaa huko. Nikamuuliza. Akasema anasikia harufu kidogo. Nikamuuliza kidogo ya namna gani, ile inayobaki kwenye mpira siku zote, au ile mbaya. Akasema hajui. Akanusa tena. Akasema, bibi, siku zote umenusa wewe, mimi sijui pasafi panakuwaje.

Na ni kweli. Nilimfundisha mikono, pua nikaibakiza kwangu mwenyewe. Mpira una harufu yake, mtungi una harufu yake, simenti yenyewe imenyonya gesi tangu tulipohamia. Kutofautisha mama alitufundisha kwa kutushika kisogo, akitushusha na kutuinua, huku ananusa pamoja na sisi, anasema hii ndiyo, hii siyo. Mimi nitamshika Chiriku kisogo nimwambie nini? Nilijaribu hata hivyo. Nilimshusha. Akaniuliza, hii ndiyo au siyo? Akaniuliza tena. Nikaweka chuma chini.

Kesho yake akaenda kiwandani kuomba kazi. Si mwoga, dada. Nimewaambia mtaa mzima ni mwoga, na yeye ananisikia nikisema, na jioni ananiletea maji ya kuoga kama kawaida. Hajamwambia mtu yeyote. Fundi cherehani anajua, ndiyo maana anakata uzi kwa meno ananiangalia.

Utasema uje wewe, maana pua yako nzima. Utakuja na nini? Miguu huna, macho huna, mkwe akubebe mgongoni mpaka kituoni? Na ukifika tukushushe sakafuni kwa kamba? Usinichekeshe. Mimi nimebaki na macho, wewe umebaki na pua, na kati yetu kuna barabara ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeipita tena. Tulikuwa wawili kwa sababu kazi hii ni ya wawili, na tumezeeka kila mtu upande wake.

Nilifikiria kumwachia fundi wa kuchomelea ile tochi. Alikuja akaitazama, akasema yeye hutumia kubwa zaidi, hii ni ya kuchezea. Nikamfukuza. Ipo palepale mezani, nimeifunika kwa shuka. Mitungi wameshaichukua wenyewe, wauza gesi.

Basi usimtume mtoto. Usimdanganye kwamba nimejaa wanafunzi, usimwambie nyumba ni ndogo. Mwambie bibi mdogo amekataa kwa sababu ni mzee mwenye roho mbaya, maana hilo ataliamini bila kuuliza. Atanichukia. Sawa. Anichukie akiwa na uso wake, ajipake poda, aende akatafute kazi nyingine ya kumchosha. Na wewe usimweleze habari ya pua. Sitaki kuhurumiwa na watoto ambao sijawagombeza mwenyewe.

Nisalimie watoto wote wa hapo, na yule mwanao mvivu, na mkwe wetu huyu aliyesoma mpaka hapa bila kukohoa, kama kweli hajakohoa. Chiriku anakuamkia shikamoo. Amelala, amechoka, lakini najua angekuamkia. Jifunike kifua usiku, na ule chakula kikiwa bado cha moto, unuse kwanza.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, mliyeniita Kisiki.