Kisu Alichokinoa Mwingine

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mashine ya kunolea visu imefika. Christine aliipakia kwenye basi la asubuhi kutoka Kakuma, nikaipokea stendi ya hapa Lodwar saa sita, jua likichoma hadi kope. Sanduku jeusi, dogo kuliko redio. Juu lina nyufa mbili: ya kwanza hukwangua, ya pili hulainisha. Ndani kuna magurudumu ya jiwe yanayozungushwa na umeme. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza na Kichina tu. Nimeitafsiri na kuibandika ukutani, kwa mwandiko wa ubaoni. Washa. Ingiza kisu kuanzia upande wa mpini. Vuta polepole hadi ncha. Usikandamize. Mara tatu kila ufa.

Visu vyote sita vya jikoni vimenolewa kabla chai haijachemka. Kile cha mboga, ambacho jana kilikuwa kinaponda nyanya, leo kimepita kama hakuna nyanya.

Christine alipiga simu. Binti yangu hupenda kusema jambo mara mbili. Nikifiche kinoo cha baba yake. Akijikata tena anakuja kumchukua akaishi kwake Kakuma, ambako kuna ukuta na geti. Nikamwambia baba yako si kuku. Akajibu: "Kuku hashonwi nyuzi tatu kwenye kidole gumba, Mama."

Nimekificha. Chini ya gunia la mahindi.

Lomuria alisimama mlangoni muda wote. Mume wangu ana miaka sabini na minane, na kumbukumbu inamtoka kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Mashine iliponyamaza aliuliza kama kazi imekwisha. Nikasema imekwisha. Akabaki amesimama.

Jumanne, 4 Februari

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na kila asubuhi baada ya chai aliketi kwenye ekicholong yake, kigoda cha kutoka kwao, akanoa visu. Hata vilivyokuwa vikali. Leo hakuketi. Jikoni hadi lango, lango hadi choo, choo hadi jikoni. Namfuata kwa macho, kazi zangu haziendi.

Nikampa redio. Akaizima. Nikampa maharagwe achambue. Aliyachambua vizuri sana, hakubakiza jiwe. Kisha akayarudisha mawe ndani na kuanza upya.

Ijumaa, 7 Februari

Adome, jirani yetu mwenye pikapu ya abiria wa Lorugum, amemleta nyumbani kwa mkono. Alikuwa anapita mlango kwa mlango.

"Mwalimu, mzee anaomba visu ya watu. Mke yangu alifikiri ni mwizi, lakini mwizi gani anasalimia ejok na kukubali chai?"

"Visu vya watu," nikasema, kwa mazoea.

"Ndiyo, hizo hizo."

Alikuwa navyo vitatu chini ya shuka. Nimevipitisha kwenye mashine, kisha nikavirudisha kwa wenyewe, mmoja baada ya mwingine, nikiomba radhi. Wanawake walifurahi. Wawili wameuliza kama mzee atapita tena wiki ijayo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya kosa. Niliandike lilivyo.

Kisu chake cha nyama hutundikwa msumarini pamoja na mkanda. Nimekitazama asubuhi: butu, kina kutu karibu na mpini. Nikafikiri, nikimpa kikiwa kikali atatulia, atajiona mtu. Mara tatu ufa wa kwanza. Mara tatu wa pili. Cheche kidogo, unga mweusi mezani. Nikakifuta kwa kitambaa na kumpa.

Akapitisha kidole kwenye makali. Akapitisha tena. Akaniuliza, kwa Kiturukana, sauti ya chini: "Mwenye kisu hiki amekufa lini?"

Kwao, upande wa Loima, mwanamume hukinoa kisu chake mwenyewe maisha yake yote. Mke hakigusi, mwana hakigusi. Siku anapokufa ndipo mkono mwingine hukinoa kwa mara ya kwanza, ili kukata nyama ya matanga. Nilijua. Nilikuwapo baba yake alipokufa. Nilimwona Ekai, mdogo wake Lomuria, akikinoa kisu cha marehemu huku machozi yakidondokea jiwe. Mimi, ninayemwambia kila siku kwamba yeye ndiye anayesahau.

Nikasema: hiki ni chako, nawe u hai. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mjane.

"Lomuria alikuwa mtu mzuri," akasema. "Alikuwa na mke mwalimu. Mkali."

Nikamwuliza mkali kiasi gani.

"Mbuzi walikuwa wakimwogopa."

Nilicheka. 

Jumapili, 9 Februari

Amekataa nyama. Uji anakunywa.

Nilipotoka kanisani hakuwapo. Nimepita soko, nimepita daraja la Kawalase, viatu vimejaa mchanga. Simu ya Adome ndiyo iliyoniokoa. Yupo stendi, ndani ya pikapu, kiti cha mbele. Anakwenda kwao Lorugum kupeleka habari kwamba Lomuria amefariki.

Nilipofika, abiria walikuwa wamekwisha kumpa pole. Mama mmoja analia. Adome amekaa kwenye usukani, hajui acheke au afanye nini.

"Nimemwuliza, mzee, si wewe ndiye Lomuria? Akaniambia, ndiyo, kwa hivyo nani mwingine angetumwa?"

Nimemshusha. Alishuka kwa adabu, akawaaga wote.

Jioni Christine akapiga. Mtu wa stendi alikuwa amempigia kumpa pole ya baba yake. Nusu saa nzima aliamini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonisumbua. Anakuja Jumanne na gari.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempigia Ekai kule Lorugum. Nikamweleza yote, nikauliza jambo hili hutenguliwa vipi.

"Shemeji, sijui. Hakuna aliyewahi kunolewa kisu akiwa anatembea. Hiyo ni ya nyinyi wasomi."

Nikamwomba asifanye mzaha. Akasema hafanyi. Kwa maoni yake, Lomuria apewe kinoo, akiue hicho kisu hadi kiwe butu, kisha akinoe upya kwa mkono wake. Nikasema daktari aliyemshona kidole amekataza, na Christine amekataza.

"Basi mtakaa na maiti inayokunywa uji."

Tangu saa nane Lomuria anazunguka. Nami nazunguka. Nimekunja nguo zake, nimezikunjua, nimezikunja tena.

Jumanne, 11 Februari. Kakuma

Tumefika alasiri. Nyumba ya Christine ni nzuri, ya mawe, na geti ni la chuma. Ufunguo wa kufuli ameuvaa shingoni pamoja na kitambulisho cha kazi. Amenionyesha chumba cha baba yake: kitanda, neti, dirisha lenye nondo. Visu vya jikoni amevifungia kabatini, na mashine tuliyokuja nayo ameiweka humo humo.

Akaniambia tukiwa wawili. Mama, baba anabaki. Wewe ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kurudi kwa kuku wako, gari la ofisi linakwenda Lodwar Jumamosi saa nne. Nikasema tutarudi wote wawili au hatutarudi. Akasema akipotea njia ya Lorugum, juani, nani atamwokota?

 

Alhamisi, 13 Februari

Lomuria anaupapasa ukuta. Anaanza kwenye geti, anauzunguka wote kwa kiganja, anarudi kwenye geti. Kisu kimo kiunoni, ndani ya ala; Christine alijaribu kukichukua, akaambiwa kwa upole kwamba cha marehemu hakinyang'anywi.

Wakati wa chakula akamshika Christine mkono. Akamwambia, baba yako alikuwa akikutaja sana. Christine akashukuru, akaenda bafuni. Maji yalitiririka kwa muda mrefu, na hapa maji ni ya kununua.

Sijamwambia kwamba kinoo nimekibeba. Kimo ndani ya mkoba wangu, kimefungwa kwa kanga.

Jumamosi, 15 Februari

Stima imekatika tangu alfajiri. Saa tatu geti likagongwa. Achai, mama mkimbizi wa Sudan Kusini mwenye mkahawa wa pili kutoka hapa. Ana beseni la visu kichwani.

"Mama, nasikia nyinyi iko na mashine. Leo nina watu wa harusi, na hii visu yangu inakata kama kijiko."

Christine akamweleza kuhusu stima. Achai akaguna, akageuka aende. Lomuria akamzuia kwa mkono. Akachungulia beseni, akauliza swali lake, nami ikanibidi nilitafsiri: wenye visu hivi wamekufa?

Nilianza kuomba radhi. Achai hakuningoja. Alichuchumaa, akavitoa kimoja kimoja, akivipanga chini.

"Hii ya mama yangu. Alikufa njiani. Hii ya shangazi, yeye alikufa hapa hapa kambini. Hii nyekundu nilinunua sokoni, ni yangu, mimi bado." Akashika kingine, mpini umefungwa waya. "Hii ya dada yangu. Huyo sijui. Simu yake haipiti, mwaka wa tatu."

Lomuria akaketi chini, hapo hapo, miguu mbele. Akaniambia nilete jiwe. Hakuwa na shaka kwamba ninalo.

"Mama, ulikibeba?" Christine akauliza.

Nikasema nilikibeba. Nikakileta na maji kwenye bakuli.

Vya marehemu amevinoa mwenyewe, polepole, kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi. Hajajikata. Kile chekundu alikataa kabisa kukigusa. Amemwekea Achai mkononi, akamwongoza kiganja hadi akaupata mwinamo wenyewe wa makali juu ya jiwe. Achai akacheka kwamba miaka yote alikuwa anakikwaruza kama anayeosha sufuria. Kile cha dada kilimpa kazi. Alikigeuza, akaniambia nimwulize: kuna mtu aliyekuja kukwambia amekufa?

Hakuna, akasema Achai.

"Basi yu hai. Akinoe mwenyewe akija."

Akakirudisha upande wa kile chekundu. Achai alifunika mdomo kwa mtandio.

Saa nne imepita. Gari liko nje, dereva amepiga honi mara mbili. Nimeingia chumbani kuchukua mkoba, kalamu ikaja mkononi badala yake. Naandika nikiwa nimesimama. Kupitia nondo nawaona. Christine yuko getini, ufunguo mkononi. Hajafungua, wala hajamwambia dereva aende. Lomuria amechomoa kisu chake kwenye ala. Amekishika juu ya mafungu mawili, la wafu kulia na la walio hai kushoto. Achai anamwuliza, kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno, hiki cha nani.

Namsikia akitaja jina lake.

Achai anaelekeza kidole fungu moja, kisha la pili. Lomuria ameinua kichwa. Anatazama geti, anatazama mlango wa jikoni. Sasa anatazama dirisha hili, ananitafuta nimjibie —