Chura wa Kwenye Ndoo

Mwenzangu, usinipigie, nalia. Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu kuwafundisha kina mama wa kikundi habari za bustani za nyumbani. Nikamleta yule chura wangu mkubwa kwenye ndoo, wamwone anayekula wadudu wa mboga zetu, waache kuwaua wenzake.

Na nilisema vizuri! Hata sauti haikutetemeka. Nikafunua ndoo.

Amekufa. Chumvi mwili mzima.

Chumvi, jamani! Watu wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ndiye huyo mlinzi wa mboga?"

Mara shangazi akainuka kule nyuma, kifua mbele: "Ni mimi, mwanangu. Nilichungulia nikakuta limeingia dude humo, nikakuondolea aibu."

Ameniondolea aibu! Shangazi yangu mwenyewe!

Nikakimbilia huku chooni.

Chura namlilia, sikatai. Lakini wiki nzima, kila jioni, nimekuwa nikimsomea shangazi mafundisho yale yote, mwanzo hadi mwisho, naye anaitikia, "Vizuri, mwanangu, vizuri sana."

Kumbe hakuwahi kunisikiliza hata siku moja.