Mlenda wa Miche Mia Tano

Jumatatu, 6 Novemba 1978. Kasulu.
Nimemwagilia kitalu tangu alfajiri. Ndoo arobaini. Mgongo unauma, miche ni mizuri. Mia nane za kahawa zinakwenda kijiji kipya upande wa Kibondo. Mifuko ya nailoni imekwisha, kwa hiyo zitasafiri mizizi wazi. Mkubwa wangu, Bwana Kilimo, ana wasiwasi. Mimi sina. Nina kopo la unga.

Aliniachia mtaalamu mgeni aliyepita hapa Agosti. Unga mweupe, wanga wa mahindi uliochanganywa na dawa kiwandani. Unakunywa maji mengi kupita uzito wake na hauyaachii ovyo. Alisema kwao wanaujaribu kwenye nepi za watoto, kwenye bandeji, na kwenye mizizi ya miche. Hayo ya nepi yalinichekesha. Ya mizizi nimeyashika.

Alhamisi, 9 Novemba.
Nimejaribu. Kijiko kimoja kwenye sufuria ya maji ya mvua. Nikakoroga, nikaenda kupalilia. Niliporudi, maji hayakuwapo. Mlenda mtupu! Nikapindua sufuria, haukumwagika. Nikachovya mche, mizizi ikavaa koti.

Bwana Kilimo ametazama, akasema huo ni mchezo wa watoto. Na aseme.

Jumamosi, 11 Novemba.
Siku mbaya. Tuling'oa miche yote asubuhi kwa sababu lori liliahidiwa saa nne. Saa nane tukaambiwa limechukuliwa kwenda vitani. Sina neno, vita ni vita. Lakini miche iko juu ya ardhi.

Nikafungua kopo. Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Nilitaka miche ipate chakula njiani, nikatia mbolea ya chumvichumvi kwenye maji, kisha unga. Haukuvimba. Uji mwepesi, ukateleza wote kwenye mizizi. Nikaongeza unga. Uji uleule. Nusu ya kopo imekwenda hivyo, kwa kiburi changu. Unga huu hauipendi chumvi, nami sikuuliza.

Nusu iliyobaki nimeikoroga na maji ya mvua matupu. Ukashika. Umetosha miche mia tano. Mia tatu nimezipaka tope na kuzifunga majani ya mgomba, kama tulivyofanya siku zote. Mikono inanata hadi sasa.

Jumanne, 14 Novemba.
Nimepata gari. Mzee Salehe, mwenye duka hapa mjini, anapeleka chumvi na sabuni Kibondo. Nilimfuata mwenyewe dukani.

"Bibi Shamba, ikinyauka usinilaumu."

"Nitajilaumu mimi, mzee."

Akacheka, akasema nipande. Tumeondoka adhuhuri. Jua kali, vumbi, hata wingu hakuna. Springi imevunjika kabla ya nusu ya safari. Tunalala hapahapa. Nimekagua miche: iliyopakwa tope, tope limekauka na kupasuka. Ya mlenda bado ina maji. Nimefurahi peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 16 Novemba.
Springi imetengenezwa jana jioni, tumefika leo asubuhi. Kijiji kizima kilikuja kupokea. Mzee Bukuru, mwenyekiti wao, akafungua fungu la kwanza, akagusa mizizi, akarudisha mkono haraka.

"Nini hiki? Kamasi?"

Nikaeleza. Nimeeleza vizuri, najua. Hakunisikia.

"Tulihamishwa kwenye migomba yetu tukaambiwa ni kwa faida yetu. Leo mnatuletea kamasi tuzike kwenye ardhi tunayolimia chakula. Hapana, binti yangu. Tutachukua hii yenye tope."

Wakagawana mia tatu. Mia tano zikabaki chini, nami nimesimama kando yake. Sijapata kuona aibu kama ile. Hasira pia. Mbaya zaidi, sikuweza kumwambia ni mwongo kuhusu ile migomba.

Kisha mama mmoja akaja akachuchumaa. Mama Yoranda, mjane, watoto wanne. Akachota ule mlenda, akaunusa, akausugua kati ya vidole.

"Ni maji tu haya, ila yamekaa."

Ameuelewa kuliko mimi. Akanipa eneo lake lote la maharage, ekari moja. Nikamwambia ukweli: sijawahi kuujaribu shambani, na miche ikifa msimu huu hatavuna kitu. Akasema amesikia. Tukachukua majembe.

Jumamosi, 18 Novemba.
Tumemaliza kupanda. Malengelenge matano. Mvua hakuna.

Jumatatu, 27 Novemba.
Bado hakuna. Nimeomba ruhusa nibaki, Bwana Kilimo amekubali kwa barua fupi yenye hasira. Miche ya wengine inageuka kahawia, wanaibebea maji kutoka bondeni. Ya kwetu majani yanainama mchana na kusimama asubuhi. Naogopa. Naandika hapa tu. Watoto wa Mama Yoranda wananisalimia kwa adabu, na kila salamu inanichoma. Yeye hajaniuliza hata mara moja.

Nimefukua mche mmoja. Udongo wa pembeni ni unga wa vumbi. Kwenye mizizi kuna ubaridi. Hautashinda wiki nyingine. Lakini wiki hii upo.

Jumapili, 3 Desemba.
Mvua! Imeanza watu wakiwa kanisani, padri akanyamaza tuisikilize. Tumelowa wote.

Jumatano, 6 Desemba.
Nimehesabu mstari kwa mstari. Kati ya mia tano zimekufa arobaini na moja. Kati ya zile mia tatu za tope, zilizo hai hazifiki themanini. Sikumwambia mtu. Watu wana macho.

Jumamosi, 9 Desemba.
Leo jua limerudi kidogo, nikaenda na Mama Yoranda kuifunikia miche nyasi, isiungue. Baadaye Mzee Bukuru akaja na mzigo wa nyasi kichwani. Akauliza kama unga upo bado. Nikamwambia umekwisha, na nusu niliiharibu mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akaanza kufunika mstari wa mwisho, mimi wa katikati. Tumefanya kazi mpaka tukakutana.