Soksi za Zawadi

Kibondo, hospitalini

Mdogo wangu Yohana,

Hamjambo huko Titye? Uliniuliza viumbe wa sayari nyingine wakija watashangaa nini kwetu. Leo nimekiona. Asubuhi mtoto wa kitanda cha jirani amefariki. Mama yake akamwosha, akampaka mafuta, kisha akaniambia, "Mama Zawadi, niazime soksi. Nje kuna baridi."

Wageni wako wangeuliza, baridi ya nani? Mimi sikuuliza. Nilimvua mwanangu zake, nikampa. Sasa miguu ya Zawadi nimeifunga kwa kitenge, na homa bado haijashuka.

Nawakumbuka wote, Mungu awatunze. Mwambie mama afume soksi nyingine, kubwa kidogo, maana huyu atakua.

Dada yako,
Mama Zawadi