Ng'ombe Aliyepelekwa kwa Sila

Mpwapwa, mwezi wa mavuno, 1908

Kwa kaka yangu Sostenes, huko kwenye kazi ya reli,

Salamu zangu zikukute mzima, na mgongo wako usiwe umepinda kwa kubeba vyuma. Mimi sijambo. Mama anakula kidogo. Usiucheke mwandiko wangu. Mwalimu wa misheni alisema hakuna anayenishinda kwa herufi. Kitabu cha pili sikukimaliza kwa sababu niliona nimeshajua vya kutosha.

Kaka, baba yuko kwenye mnyororo.

Unamkumbuka Sila, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, yule mwenye sauti kama fisi aliyekabwa. Mwezi uliopita alipigwa mshale wa paja pale kisimani, mchana, na mpigaji alikuwa kichakani, hakuonekana. Mshale ulikuwa na sumu. Sila akavimba, akatapika siku tatu, wanawake wakaanza kumlilia. Siku ya nne akaomba uji.

Baba alipouona ule mshale aliujua ni wa nyumbani kwetu. Akafanya kama wafanyavyo wazee wetu: akampeleka ng'ombe mweupe kwa Sila, wakala nyama pamoja, wakasameheana. Kwetu likawa limekwisha. Lakini jumbe alipeleka habari bomani, na askari wakaja.

Siku ya shauri nilikaa mbele kabisa, maana wengine huogopa askari, mimi siogopi. Bwana Shauri, yule Mdachi anayeamua kesi bomani, alimuuliza Sila ana neno gani. Sila akasema hana neno, ameshakula ng'ombe. Bwana Shauri akasema basi huyo ng'ombe ndiye shahidi, kwani asiye na kosa halipi. Wazee wakamweleza kwamba mwenye nyumba hulipia hata kosa lisilo lake, na tena hakuna aliyekufa. Akajibu kuwa Sila amepona kwa sababu sumu ilikuwa kuukuu, si kwa sababu mpigaji alimhurumia. Mtu aliyetaka kuua akakosa, atahukumiwa kwa alichotaka. Kisha akamuuliza baba kwa mara ya mwisho ni nani aliyepiga.

Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akasema, "Ng'ombe wangu, na jambo langu."

Viboko ishirini na vitano, na mnyororo miaka mitatu. Nilivihesabu vyote. Baba hakulia.

Mshale ni wangu, kaka. Sila alinichapa fimbo mbele ya wasichana kwa kuwa ng'ombe wetu walitangulia kunywa. Wakanicheka, mimi ninayejiita simba. Mwenzangu mmoja nilimwambia nilitaka kumtisha tu. Uongo. Sumu niliipaka kwa mkono wangu, na alipoanguka nilifurahi. Bwana Shauri aliijua nia yangu, ila hakunijua mimi.

Kesho asubuhi naenda bomani kusema. Labda baba atarudi, labda watatufunga pamoja. Mama nimeshamwambia, akanipikia.

Kwa hiyo njoo nyumbani. Ng'ombe ni kumi na mmoja. Yule wa pembe moja hatakutii mwanzoni, anakujua kuwa u mwoga. Mama anakusalimu sana, na wenzako wa huko nisalimie, hata wasionijua.

Ukifika kisimani, waache ng'ombe wa Sila wanywe kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kefa, mwana wa Matonya