Kastama wa Dani

Muhoroni, 9 Machi 1987

Kwa binti yangu Rosa,

Hujambo, na kifua kimepoa? Mimi niko salama, ila magoti, na hayo umeyazoea.

Jumapili nilikwenda Bondo kumjulia hali Dani, mama wa marehemu mama yako. Unajua mkwe na mkwe hawatazamani: yeye aliketi ndani, mimi nje, tukazungumza kupitia mlangoni. Alikusifu mpaka nikavimba kichwa. Eti alipokuja kwako Kaloleni ulimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, ukampa chai ya maziwa na mkate wa siagi, ukamsindikiza hadi stendi. Aliyekulea miaka sita hukumtupa. Umenifuta machozi, mwanangu.

Macho yake yana ukungu. Daktari anataka aje Kisumu apasuliwe. Atakaa kwako.

Baba yako,
Wasike

Kaloleni, 30 Machi 1987

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepoa. Kazi ni nyingi ofisini, nitaandika zaidi siku nyingine. Mwambie Dani aje tu.

Binti yako,
Rosa

Muhoroni, 2 Juni 1987

Rosa,

Natumaini u mzima. Huku tunavuta pumzi. Barua yako ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Dani amekataa kuja. Nimetuma watu mara mbili. Anasema Rosa ana wageni wake, asisumbuliwe. Wageni gani hao? Jicho la kushoto limekwisha kufa, na la kulia linafuata. Nieleze.

Baba yako

Kaloleni, 10 Juni 1987

Baba,

Afya ninayo; uso ndio sina.

Hakukaa kwenye kiti. Hakunywa chai. Siku ile nilikuwa na wenzangu wawili wa ofisini, tunakula keki. Dani akabisha hodi na kikapu cha samaki mkavu, miguu imejaa vumbi. Akatabasamu, na lile pengo la meno sita ya chini, waliyomng'oa ujanani kwa mila, likaonekana lote. Mwenzangu akauliza, "Rosa, mbona mmefanana hivi paji la uso? Ni nyanya yako?"

Nikasema, "Hapana, huyu ananiuzia samaki."

Nilidhani hajui Kiswahili. Mwanamke aliyeuza samaki sokoni miaka thelathini! Aliinama, akaweka kikapu mlangoni, akasema, "Ndiyo. Samaki yako hii, mama." Akageuka akaenda zake. Sikumfuata hata hatua moja.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitia kidole kwenye pengo lile, naye ananing'ata kwa ufizi mpaka tunalia kwa kucheka. Nilipaka meno yangu ya chini makaa ili nifanane naye. Sasa nikijitazama kwenye kioo namwona yeye, nami naona aibu kuendelea kutazama. Nifanye nini?

Binti yako, kama bado ni wako,
Rosa

Muhoroni, 16 Juni 1987

Rosa,

Nimeisoma mara tatu. Nenda Bondo. Usibebe sukari ukidhani itasema kwa niaba yako.

Baba yako

Bondo, 28 Juni 1987

Baba,

Natumaini magoti yanakuacha ulale.

Nilimkuta uani na majirani wakichambua maharagwe. Nilipiga magoti mbele yake. Akanipapasa paji la uso polepole, kisha akapapasa lake. Jirani mmoja akauliza mimi ni nani. Nilifungua mdomo, lakini Dani alinitangulia, tena kwa Kiswahili: "Huyu ni kastama yangu wa Kisumu."

Wale wanawake walimtazama yeye, wakanitazama mimi, wakaangua kicheko. Dani naye alicheka, pengo wazi. Mimi nililia mbele yao wote, nikasema, "Mimi ni mjukuu wake. Nilimkana." Kicheko kikakatika.

Dani akasema, "Leo samaki sina, mama. Ingia ndani."

Amekubali hospitali. Kesho asubuhi tunapanda basi pamoja, na atalala kitandani kwangu.

Lakini Baba, alinikalisha kwenye kiti chake kimoja tu, akatandika kitambaa kwanza. Akamtuma jirani dukani. Chai ilikuwa ya maziwa, na mkate ulikuwa na siagi.

Rosa,
mjukuu wa Dani