Kisanduku cha Tatu

Jumatatu, 4 Juni 1956
Baridi ya Iringa inakata masikio. Leo tena kuvuta waya wa umeme ndani ya mabomba. Mimi nasukuma upande huu, Fundi Salehe anavuta upande ule. Waya ukikwama kila mmoja analalamika kwa lugha yake. Wazazi wake walitoka Bagamoyo, yeye kazaliwa hapa hapa Miyomboni. Ana miaka ishirini na saba, mimi arobaini na moja. Yeye ndiye mwalimu, mimi ndiye mwanafunzi. Vidole vinauma. Nimefurahi.

Jumatano, 6 Juni
Barua ya mke wangu kutoka Mbalizi. Mwandiko ni wa mwalimu wa kanisani, maneno ni ya Subilaga mwenyewe, nayasikia kabisa. Watoto wazima. Maharage yamevunwa. Halafu anauliza: mtu aliyeshona nguo miaka kumi na sita kwenye baraza moja mjini Mbeya, wateja wote wanamjua, anaachaje cherehani kwenda kuchezea radi?

Mwaka jana alikuja mtu kufunga taa kwenye duka nililokuwa nashonea. Nikamshikia ngazi. Alipowasha, nikataka kujua huo moto umefikaje pale. Basi. Mpaka leo nataka kujua. Lakini sitamwandikia hivyo. Nitamwandikia kwamba nakula vizuri.

Jumapili, 10 Juni
Kanisani, kisha kufua. Nimerudia masomo kichwani huku nasugua shati. Waya mwekundu huleta moto. Mweusi huurudisha. Wa kijani hauna kazi yoyote mpaka siku ya hatari. Huo wa kijani umenisumbua mwezi mzima. Fundi Salehe alinieleza hivi: chombo cha chuma kikiharibika ndani, moto ukagusa bati lake, kijani huupeleka ardhini. Kijani kisipokuwepo, moto unapita kwa mtu aliyekishika.

Sasa nimeelewa.

Jumatano, 13 Juni
Tumehamia zahanati ndogo ya misheni, njia ya Kalenga. Wameleta mashine ya dizeli, sisi tunafunga umeme wodi ya wazazi. Mkunga wao anaitwa Mama Yustina, Mhehe, sauti yake inafika barabarani. Anasema amezalisha kwa chemli mpaka macho yamechoka. Atapata taa mbili, na birika kubwa la umeme la kuchemshia vyombo vyake. Birika analo tayari. Kalifunika kitambaa kama mtoto.

Ameniita "Fundi". Sikumsahihisha.

Ijumaa, 15 Juni
Fundi Salehe kaenda kuswali, akaniacha peke yangu juu chini ya paa, dari haijafungwa bado. Mara ya kwanza. Visanduku vitatu vya kuungia waya. Kila kimoja rangi tatu, kila rangi na skrubu yake. Nilitambaa kwa tumbo juu ya boriti, vumbi puani. Nimemaliza vyote. Niliposhuka nilikuwa mweupe kama niliyetoka mashineni kusaga unga. Mama Yustina kacheka mpaka akashika ukuta.

Siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Jumanne, 19 Juni
Mzee Mgata, seremala, amefunga dari ya wodi. Mbao kazipiga randa mwenyewe, zimekutana vizuri hata wembe haupiti. Mchana tulikaa kula. Kengele ya shule ya jirani ikalia. Nikaacha kutafuna.

Ijumaa pia kengele ile ililia. Nilikuwa kwenye kisanduku cha tatu, kile cha kwenda kwenye birika. Nilikuwa nimeshaingiza waya wa kijani kwenye tundu lake. Kengele ikalia, Mama Yustina akaita kwamba ugali umeiva. Je, skrubu niliikaza? Najiona nikiikaza. Najiona pia nikirudisha kifuniko na kushuka.

Sijui.

Jumatano, 20 Juni
Bado sijui.

Ijumaa, 22 Juni
Fundi Salehe amepima nyaya zote kwa mashine yake ya kuzungusha kwa mkono. Kasema safi. Moyo ukatulia kama saa nzima. Kisha nikakumbuka kwamba waya uliolegea unaweza kugusa leo ukaachia mwezi ujao. Taa zitawaka tu. Birika litachemka tu. Hakuna atakayejua, mpaka siku birika liharibike na Mama Yustina alishike kwa mikono yenye maji.

Jumatano wakubwa wa misheni wanakuja kuona taa zikiwashwa. Nikisema, dari ya mzee wa watu inabomolewa. Labda na mimi narudishwa Mbeya, wateja wangu wa zamani wanipokee kwa kicheko. Naogopa. Sehemu ya woga huu ni aibu tupu, nakiri.

Jumapili, 24 Juni
Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 25 Juni
Nimesema. Asubuhi, kabla hatujashusha vifaa.

Nilisema, "Fundi, kisanduku cha tatu. Waya wa kijani. Sina hakika kama niliukaza."

Alinitazama. "Huna hakika, au hukukaza?"

"Sina hakika."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Siku sita. Alihesabu, niliona. Hakufoka, ingekuwa nafuu angefoka. Alivua kofia, akaivaa tena. Akasema kesho tutafungua, na mimi mwenyewe nikamwambie Mzee Mgata.

Nilikwenda kwake jioni. Alikuwa ananoa msumeno. Nilipomaliza kueleza aliendelea kunoa.

Jumanne, 26 Juni
Mzee Mgata ameng'oa mbao nne, polepole, misumari akiiweka mdomoni. Nikapanda. Fundi Salehe akapanda nyuma yangu na tochi. Nikafungua kifuniko. Nikashika waya wa kijani kwa vidole viwili.

Ukatoka. Haukusita hata kidogo.

Tulikaa pale tumeinama, tochi inamulika mkono wangu.

"Urudishe," Fundi Salehe akasema. "Kaza." Nikakaza. "Vuta." Nikavuta. "Vuta kwa nguvu, mzee." Nikavuta kwa nguvu. Haukutoka. Akaniambia nitambae mpaka kwenye vile visanduku viwili vingine, tukafanya vivyo hivyo. Vyote vilikuwa imara.

Kabla ya kushuka alisema neno moja, ameangalia pembeni. "Mwaka wangu wa kwanza nami niliacha waya hivi. Sikumwambia mtu." Sikumuuliza ilikuwaje. Sidhani angejibu.

Chini, Mama Yustina aliuliza kwa nini dari imefunguliwa. Nikamweleza yote, na birika nikalitaja. Aliitazama dari, kisha birika. Halafu akaniambia nikanawe, chakula kipo.

Alasiri nzima nimemshikia Mzee Mgata mbao. Alinionyesha namna ya kugonga msumari bila kuacha alama ya nyundo. Hiyo tu. Lakini alinionyesha.

Jumatano, 27 Juni
Watu walijaa mpaka mlangoni. Sala, wimbo, hotuba mbili ndefu. Mashine ikanguruma nyuma ya nyumba. Fundi Salehe akaniambia niwashe mimi. Nikakataa. Akanisukuma mgongoni.

Taa zikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja alifunika macho. Mimi nilikuwa naangalia birika. Mama Yustina alijaza maji, akaliwasha, akasimama hapo mpaka mvuke ukatoka. Kisha akaligusa pembeni kwa kidole, akaniangalia.

Nilitaka kulia. Nikaenda nje kukunja kamba.

Jumapili, 1 Julai
Nimemwandikia Subilaga barua ndefu, kwa mkono wangu. Nimeeleza habari ya waya na habari ya dari. Sikuficha.

Alhamisi, 5 Julai
Ukungu umeondoka saa nne. Kazi mpya, nyumba ya mwalimu karibu na soko, vyumba vitatu. Fundi Salehe kapanda lori kwenda Nyololo kuangalia kazi nyingine. Atarudi Jumamosi. Ameniachia ufunguo bila maelezo mengi.

Nimefunga swichi ya sebuleni, nikala viazi vitamu kwenye ngazi za nje. Mke wa mwalimu alileta chai ya maziwa. Aliuliza taa ya jikoni ikae wapi. Nikamwambia asimame mahali anapopikia, nione kivuli chake kinaangukia wapi. Tukakubaliana: karibu na dirisha, kushoto kidogo.

Nikapiga alama kwa penseli.